Bwawa la Mwani Litangulie Wavu

Kila mpishi wa visiwa hivi anajua kwamba kamba atokapo baharini huwa na rangi ya kijivu au ya udongo, na kwamba akishatiwa katika maji ya moto hugeuka mwekundu. Wekundu ule hauletwi na moto. Ulikuwamo ndani ya gamba lake tangu alipokuwa hai, umefungamana na protini iliyouficha, na joto linapoivunja protini hiyo ndipo rangi inapodhihirika. Wala kamba hakuipata rangi hiyo kutoka hewani. Asili yake ni mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho matupu, ambao kamba aliula mwenyewe au uliliwa na vijidudu ambavyo yeye alivila.

Tumeanza na jikoni kwa sababu jambo tunalotaka kulizungumza leo, ijapokuwa linasikika kama la maabara, limo katika maisha yetu ya kila siku. Kuku wa kienyeji anayedonoa majani hutaga yai lenye kiini cha manjano iliyokolea. Kuku aliyefungiwa akalishwa chakula kisichokuwa na majani wala mahindi ya manjano hutaga yai lenye kiini kilichopauka. Samaki naye yu vivyo hivyo. Rangi zake nyingi za manjano, za machungwa na nyekundu ni za jamii ambayo wataalamu wanaiita karotenoidi, jamii ile ile inayoipaka rangi karoti, papai bivu na mafuta ya mawese. Samaki hawezi kuziunda rangi hizo mwilini mwake kuanzia mwanzo. Hana budi azile.

Maadam ni hivyo, samaki mzuri wa miambani anayetolewa baharini na kutiwa katika tangi la kioo, akawa analishwa unga wa dagaa na pumba peke yake, hupoteza uzuri wake kidogo kidogo. Wiki zinapita, wekundu unakuwa kama wa kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, na manjano yanakaribia weupe. Samaki huyo huenda asiwe mgonjwa. Amekosa tu kile ambacho bahari ilikuwa ikimpa kila siku bila ya bei.

Jambo hili lina uhusiano mkubwa na riziki za watu. Samaki wa mapambo ni biashara ya dunia nzima. Majumbani, hotelini na katika vyumba vya madaktari wa Ulaya, Marekani na nchi za Asia wamewekwa samaki wa kutazamwa, na wengi kati ya wale wa maji ya chumvi huchukuliwa moja kwa moja kutoka katika miamba ya matumbawe ya nchi za joto. Jirani zetu wa pwani ya Kenya wamekuwa wakiwakusanya na kuwasafirisha kwa miongo kadhaa. Miamba yetu nayo ina vitatange na samaki wengine wa rangi ambao wageni huvuka bahari kuja kuwatazama. Hapana ajabu, basi, iwapo mtu atauliza: kwa nini na sisi tusiwauze?

Rai yetu tunaitoa mapema ili isifichike katika maneno mengi. Visiwa vyetu visikimbilie kuwachota samaki wa mapambo baharini kabla ya kujua kuwazalisha, na hakuna kujua kuwazalisha pasipo kujua kuwalisha. Mwani mdogo ndio mlango wa elimu hiyo. Bwawa la mwani litangulie wavu.

Hatusemi haya kwa kuogopa biashara. Tunasema kwa sababu visiwa vingine vimekwisha kupita njia hii, na khabari zao zinajulikana. Katika visiwa vya Ufilipino, kuanzia miaka ya 1960, wavuvi wa samaki wa mapambo walizoea kumimina sumu ya sianidi katika mashimo ya matumbawe ili samaki walewe na kukamatika kwa urahisi. Samaki walikamatika, na wengi wao walikufa njiani. Matumbawe nayo yaliyopigwa na sumu ile yalikufa pamoja na vifaranga vilivyojificha ndani yake. Katika visiwa vya Banggai, huko Indonesia, yupo samaki mdogo mwenye mistari myeusi na madoa meupe ambaye dume lake huatamia mayai mdomoni. Mara tu alipopata umaarufu katika miaka ya 1990, alivuliwa kwa wingi mno, na ilipofika mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira lilimtia katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Samaki anayezaa watoto wachache kwa mara moja hawezi kushindana na ndege za mizigo.

Wapo, kwa upande wa pili, watu wa visiwa walioanza kugeuka. Huko Hawaii, ambako samaki wa manjano wa miambani alikuwa akikusanywa kwa wingi, Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua mwaka 2017 kwamba biashara ya kukusanya samaki hao haiwezi kuendelea kwa vibali vilivyotolewa bila ya kuzingatia sheria ya mazingira. Miaka miwili kabla ya uamuzi huo, mwaka 2015, watafiti wa visiwa vile vile walikuwa wamefaulu kwa mara ya kwanza kumkuza samaki huyo tangu yai mpaka utoto katika matangi. Kazi hiyo iliwachukua miaka mingi, na shida yao kubwa ilikuwa ni chakula gani apewe kiumbe mchanga ambaye kinywa chake ni kidogo kuliko ncha ya sindano.

Hapo ndipo umuhimu wa mwani mdogo unapoonekana wazi. Tuwachukue samaki wadogo wa rangi ya machungwa na weupe wakaao katikati ya mikono inayowasha ya viumbe laini vya miambani. Jamaa zao wanaonekana katika maji yetu pia. Watu walianza kuwazalisha kwa biashara huko Florida katika miaka ya 1970, na tangu hapo wamekuwa mfano wa ufugaji wa samaki wa mapambo wa baharini. Mayai hutagwa juu ya jiwe na kulindwa na dume. Yakisha kuanguliwa, vifaranga hulishwa vijidudu vidogo sana, na vijidudu hivyo navyo hulishwa mwani mdogo unaokuzwa katika ndoo na chupa kubwa. Mwani ukifa leo, vijidudu vitafifia, na vifaranga vitakufa kwa njaa baada ya siku chache. Kwa hiyo mwani si kikolezo kinachoongezwa mwishoni ili samaki apendeze. Ndio msingi wa nyumba yote.

Yafaa pia kujua tabia ya samaki hawa, kwani inaeleza kwa nini wavu ni hatari kwao. Wote huanza maisha wakiwa madume. Katika kila kundi aliye mkubwa kuliko wote ndiye jike, na akitoweka, dume lililomfuatia hugeuka na kuwa jike. Mkusanyaji anayeondoka na yule mkubwa na mzuri kuliko wenzake amemchukua mama wa nyumba, na jamii iliyobaki hukaa kwa muda bila ya kuzaa.

Sasa tuje kwenye chakula cha samaki waliokwisha kukua, ambacho ndicho kilicho karibu zaidi na uwezo wetu. Mwani mdogo unaojulikana kuliko yote kwa kazi hii ni spirulina. Wataalamu huuhesabu katika jamii ya bakteria wa kijani-buluu, lakini kwa mkulima na mlishaji umbo lake na matumizi yake ni ya mwani. Ukikaushwa, kiasi cha asilimia 60 hadi 70 ya uzito wake ni protini. Kuta za chembe zake si ngumu kama zile za majani ya kawaida, kwa hiyo samaki huumeng'enya bila ya taabu. Kadhalika una karotenoidi kwa wingi, na samaki kama wale wa dhahabu wanaweza kuigeuza sehemu ya rangi hizo kuwa nyekundu ya ngozi yao. Ukichanganywa kwa kiasi kidogo katika chakula, samaki hukua vizuri na rangi yake hukolea katika muda wa wiki kadhaa.

Spirulina si mgeni katika bara letu. Katika Ziwa Natron, kaskazini ya Tanzania, na katika maziwa ya magadi ya Kenya kama Nakuru na Bogoria, mwani huu huota wenyewe katika maji makali yenye chumvi na magadi. Heroe, ndege ambao wengi wanawaita flamingo, huuchuja maji kwa midomo yao, na waridi ya manyoya yao hutokana nao. Heroe aliyefungiwa bila ya chakula chenye rangi hizo huwa mweupe. Mbali zaidi, pembezoni mwa Ziwa Chad, wanawake wa Kanem wamekuwa kwa vizazi vingi wakiuchota mwani huu, wakiuchuja, wakiukausha juu ya mchanga na kuukata vipande vya kutia katika mchuzi. Elimu ambayo leo inauzwa kwa bei kubwa katika vichupa vya maduka ya dawa ilikuwa mikononi mwa wanawake hao zamani.

Kuukuza si kazi ya miujiza. Panatakiwa bwawa lenye kina cha kiasi cha sentimita 20 hadi 30, maji yaliyotiwa magadi ya kupikia na mbolea kwa kipimo, jua, joto linalokaribia nyuzi 35 za Selsiasi, na kukoroga ili mwani wote upate mwanga. Ukali wa magadi katika maji hayo huzuia viumbe vingi vingine visiote humo. Ukikomaa huchujwa kwa kitambaa kizito, hukamuliwa na kukaushwa. Na hapa tunataka kutoa hadhari. Sisi watu wa pwani tumezoea kuanika kila kitu juani, dagaa, muhogo na mwani wa baharini. Karotenoidi huharibiwa na jua, joto na hewa. Mwani wa rangi aukaushaye kwenye mkeka mchana kutwa atauza unga wa kijani uliokwisha kupoteza kile alichokitaka mnunuzi. Ukaushwe kivulini au katika kikaushio, kisha uhifadhiwe gizani katika vyombo vilivyozibwa vizuri.

Wapo watakaouliza: je, mwani wetu wa baharini, unaolimwa katika vijiji vya mashariki ya Unguja na huko Pemba, hautoshi? Suali hili ni la haki na linastahiki jibu la kweli. Kilimo hicho kilianza kwa biashara mwaka 1989 katika vijiji kama Paje na Jambiani, baada ya utafiti ambao Profesa Keto Mshigeni alikuwa ameufanya tangu miaka ya 1970. Kimewapa wanawake wengi fedha zao wenyewe kwa mara ya kwanza. Lakini mwani ule una protini kidogo, na wekundu au ukahawia wake kwa sehemu kubwa hautokani na karotenoidi. Hautampaka samaki rangi. Faida yake katika chakula cha samaki ni nyingine: ute wake unaoganda hushika unga usimeguke upesi majini. Unaweza, basi, kuwa gundi ya chakula ambacho rangi yake inatoka katika spirulina.

Hata hivyo tunawataja wakulima wa mwani kwa sababu kubwa zaidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwani wa aina ile yenye bei bora umekuwa ukifa katika maeneo mengi kwa sababu ya joto la bahari na maradhi, na unaobakia huuzwa kwa bei ndogo, sehemu kubwa ukiwa mkavu na ghafi. Wanawake hawa wanajua kungoja, kupima maji kwa mguu, kukausha na kufunga. Wao ndio wa kwanza wanaostahiki kufundishwa ukuzaji wa mwani mdogo, na wawe ni wenye mali wala wasiwe vibarua tu.

Kuna hoja ya fedha ambayo maafisa watapenda kuisikia. Unga wa spirulina ni ghali kuliko unga wa dagaa, na mfugaji wa perege akiutumia kwa wingi atapata hasara, kwa sababu perege huuzwa kwa kilo. Samaki wa mapambo huuzwa kwa sura. Tone moja la wekundu juu ya pezi lake lina bei. Kwa hiyo chakula kilicho ghali kwa samaki wa kuliwa kinaweza kuwa rahisi kwa samaki wa kutazamwa, na kila kilo ya unga wa dagaa inayopunguzwa katika tangi la mapambo ni kilo inayoweza kubaki katika vyungu vya wananchi.

Na wa kuanza naye yupo nyumbani. Katika madimbwi ya msimu ya Unguja anaishi samaki mdogo wa maji baridi ambaye wataalamu wanamwita Nothobranchius guentheri. Aliandikwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1893, na kisiwa hiki ndicho makao yake ya asili. Dume lake lina mkia mwekundu unaovutia mno. Maji yanapokauka samaki hufa, na mayai husubiri ndani ya udongo mpaka mvua nyingine. Wapenzi wa samaki wa Ulaya na Marekani wamemfuga kwa miongo mingi, wakitumiana mayai yake kwa posta ndani ya udongo wenye unyevu. Wao hawarudi kuchota katika madimbwi yetu kila mwaka; wanajua kumzalisha na kumlisha. Hili ni funzo kwetu. Mwenye elimu ya kulisha ndiye mwenye biashara, hata kama samaki ni wa kwetu. Huku kwetu dimbwi likifukiwa ili kujengwa nyumba, mayai yote yaliyomo hupotea pasi na mtu kujua.

Hatupendi kuwapa wasomaji matumaini yasiyo na mipaka. Mwani hauwezi kila kitu. Weusi wa samaki huundwa na mwili wake mwenyewe, na buluu yake aghalabu ni mng'aro wa chembe ndogo zinazorudisha mwanga kama vioo. Rangi hizo hazitakolezwa na spirulina. Kulisha kupita kiasi hakuongezi uzuri wala ukuaji, huongeza gharama tu. Maji machafu na msongamano humpausha samaki hata akilishwa vipi. Aidha wapo wafanyabiashara duniani wanaowapiga samaki sindano za rangi, au kuwapa homoni ili wachanga waonekane wamekomaa. Rangi hizo hudanganya kwa muda mfupi, na samaki huumia. Jina la visiwa vyetu lisihusishwe kamwe na hila hizo.

Tunaliona jambo hili kuwa ndani ya kazi ya Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, iliyoundwa mwaka 2020, na hatuombi majengo makubwa. Tunaomba kwanza bwawa moja dogo la majaribio chini ya wataalamu tulionao, wakiwamo wale wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo hapa Unguja. Matangi mawili yatiwe samaki wa aina moja na umri mmoja. Moja lipewe chakula chenye mwani na jingine lisipewe. Wapimwe urefu, uzito na rangi, na gharama iandikwe mpaka senti ya mwisho. Matokeo, yawe mazuri au mabaya, yatangazwe kwa Kiswahili ili mwananchi wa Makunduchi na wa Micheweni ayasome mwenyewe.

Pili, tunaomba pasitolewe ruhusa ya kukusanya samaki wa mapambo miambani kwa ajili ya kuwauza nje mpaka iwepo hesabu ya samaki waliopo, na mpaka mwombaji aonyeshe mpango wake wa kuzalisha. Tatu, bwawa lisichukue maji ya kunywa ya wanakijiji. Maji ya spirulina yanaweza kurudishwa bwawani baada ya kuchuja, na kanuni iseme hivyo tangu siku ya kwanza. Nne, vikundi vya wanawake vipewe mafunzo, soko lililoandikwa katika mkataba, na sauti katika kupanga bei. Wakulima wa mwani wanakumbuka vizuri ilivyo kuuza kwa bei iliyopangwa na mnunuzi peke yake.

Nao wavuvi na vijana wa ukanda wa pwani tunawaambia neno moja. Mwamba ulio hai huleta samaki wa kula, hukinga ufukwe dhidi ya mawimbi, na huwavuta wageni wanaolala katika nyumba za kwetu na kulipa nahodha na mpishi. Kitatange anayebaki mwambani hulipa mara nyingi. Anayetiwa katika mfuko wa plastiki hulipa mara moja. Anayetaka kuuza uzuri na aulee kwa mkono wake, aanze na ndoo ya maji ya kijani, na ajifunze kuihifadhi isife. Akiiweza hiyo, mengine yatamfuata. Asipoiweza, wavu hautamsaidia kwa muda mrefu.